Sataranji Nyamirambo: Mali iliyolala stoo haimwokoi mfalme

Na Mwandishi Wetu, Kigali

JUMAMOSI moja, yapata saa kumi jioni, mama mmoja mfanyabiashara alisimama mlangoni mwa darasa langu hapa Nyamirambo, mkoba begani na vumbi la safari ya Rusumo likiwa bado kwenye viatu. Hakuingia. Alinisalimia, kisha akasema: "Mwalimu, nimekuja kumchukua binti yangu. Na Jumamosi ijayo hatakuja."

Darasani walikuwamo watoto kumi na wanne wakicheza sataranji, mchezo ambao vijana wa siku hizi wanauita chesi. Binti yake, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa amekaa pembeni bila kucheza. Siku tatu kabla ya hapo alishindwa katika mashindano baina ya shule, tena vibaya, akarudi nyumbani akilia.

"Kama ni mchezo wa kumliza mtoto," mama yake akaendelea, "basi dukani kuna mchele wa kupima. Aje anisaidie."

Nilimwambia: "Mama, karibu ukae. Nipe dakika ishirini." Akanipa kumi. Yaliyopita katika dakika hizo ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya, kwa sababu mwenye kosa hakuwa yule binti. Mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nilivyoupata ugenini

Msomaji uliyezaliwa nje kama mimi utanielewa upesi. Wazazi wangu walivuka mto Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mimi nilizaliwa upande wa Karagwe, Tanzania, mwaka 1978, nikasoma huko shule ya msingi na sekondari, na nikarudi nao nyumbani mwaka 1996. Nilipofika Kigali sikujua Kifaransa hata cha kuombea maji, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa mama. Mali niliyokuja nayo ilikuwa vyeti viwili, Kiswahili changu, na sataranji.

Mchezo huo nilifundishwa na mwalimu wetu wa hesabu. Ubao ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi, na wachezaji wake walikuwa vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi juu. Kizibo kikipotea tulikuwa tunakwenda kuokota kingine nyuma ya baa.

Baba yangu hakuupenda. Yeye alikuwa mtu wa igisoro. Hakuwa na ubao wa kuchonga kama ule alioachwa nao babu, hivyo alichimba mashimo 32 ardhini chini ya mti, safu nne za mashimo manane, na kutia mbegu 64. Jioni wazee wenzake walikuja hapo. Waliozoea bao la pwani au omweso wa Waganda watauona ni ndugu mmoja, ingawa kila nchi ina sheria zake.

"Huo wa Wazungu una nini?" aliniuliza siku moja.

Nilimjibu alivyotujibu mwalimu: si wa Wazungu. Ulitoka India, ukapita Uajemi, ukafika kwa Waarabu, na kwao ndiko tulikopata hili jina la sataranji. Katika karne ya 10 kule Baghdad alikuwapo bingwa aitwaye as-Suli, aliyeandika vitabu kuhusu namna ya kuanza mchezo, kabla Ulaya haijawa na lolote la kusema juu yake. Mzee alisikiliza, akauliza ubao wangu una vyumba vingapi. Nikamwambia 64. Akacheka, akasema: "Basi mmehesabu kama sisi."

Sikujua wakati ule kwamba ningelihitaji neno lake lingine, karibu miaka thelathini baadaye, mbele ya mama muuza mchele.

Usiku mmoja Paris, mwaka 1858

Kila anayefundisha sataranji ana mchezo mmoja anaoanza nao. Wangu ni ule uliochezwa Paris mwaka 1858 ndani ya jumba la opera. Kijana wa Kimarekani kutoka New Orleans, Paul Morphy, mwenye umri wa miaka 21, alialikwa na Duke Karl wa Brunswick kwenye kibanda chake cha heshima. Duke akashirikiana na Count Isouard, wakacheza wawili dhidi ya mmoja huku waimbaji wakiimba jukwaani.

Ukitaka kufuata vizuri, weka ubao mbele yako. Safu za kusimama huitwa kwa herufi, a mpaka h, kuanzia kushoto kwa mwenye weupe. Safu za kulala huitwa kwa namba, 1 mpaka 8, kuanzia upande wake. Ni kama rafu za duka: kila bidhaa ina mahali pake na jina la mahali hapo.

Morphy, mwenye weupe, alisogeza askari wa mbele ya mfalme hadi e4. Wakubwa wale wakajibu e5. Morphy akatoa farasi hadi f3, akimtishia askari wa e5. Wao wakamlinda kwa askari mwingine, d6. Njia hii ya kujilinda inaitwa kwa jina la Mfaransa Philidor, aliyechapisha kitabu chake cha sataranji mwaka 1749. Si njia mbaya, lakini inambana askofu wa f8. Kumbuka huyo askofu, tutarudi kwake.

Mwendo wa tatu, Morphy akapeleka askari d4, akibisha hodi katikati. Hapo wakakosea mara ya kwanza: walitoa askofu hadi g4 kumbana farasi wa f3. Morphy akala askari wa e5. Sasa kama wangelila tu, malkia wangebadilishana pale d8, kisha farasi wa Morphy angekuwa huru kumla askari wa e5 bure. Kwa hiyo ikawabidi wamtoe askofu wao kwa farasi wa f3. Malkia wa Morphy akamla askofu huyo, nao wakala e5.

Simama hapo uhesabu. Kwa mali wako sawa. Lakini malkia wa Morphy ameshatoka nje, na wao hawana hata mmoja aliyetoka. Askofu wao mmoja waliyemtoa amekufa baada ya kutembea mara mbili. Wamelipa nauli ya kwenda na kurudi bila mzigo.

Mwendo wa sita Morphy akatoa askofu hadi c4, akiitazama f7, mahali palipo dhaifu karibu na mfalme. Wakamtoa farasi hadi f6. Morphy akasogeza malkia hadi b3, na kwa mwendo huo mmoja akatisha pawili, f7 na b7. Wakalinda kwa malkia, e7. Morphy angeweza kumla askari wa b7, lakini wangempiga shaha kwa malkia pale b4 na kulazimisha malkia wote wawili waondoke. Faida ya askari mmoja, basi. Morphy aliiacha. Akatoa farasi wa pili hadi c3. Mwendo huu wa kimya ndio mimi nilikuwa nikiuruka haraka mbele ya wanafunzi wangu.

Wao wakasogeza c6. Morphy akatoa askofu wa pili hadi g5. Tazama tena: Morphy ametoa wanne, malkia, farasi na maaskofu wawili. Wao wametoa farasi mmoja, na malkia aliyesimama e7 akimziba askofu wake mwenyewe. Mfalme yuko katikati, mlango wazi.

Na hapo ndipo wakasogeza b5 kumfukuza askofu wa c4.

Morphy hakukimbia. Farasi wa c3 akala b5, askari wa c6 akamla farasi, askofu wa c4 akala tena b5 na kupiga shaha. Wakaziba kwa farasi, d7. Sasa Morphy akafanya mwendo wa aina yake: alimhamishia mfalme pembeni upande wa malkia, na papo hapo ngome yake ikatokea kwenye safu ya d, ikimtazama yule farasi. Wakaleta ngome yao d8 kumlinda. Ngome ya Morphy ikamla farasi wa d7, ngome yao ikaila. Morphy akaleta ngome yake ya pili hadi d1. Kila aliyekuwa naye yuko kazini.

Malkia wao akasogea e6. Askofu wa Morphy akala d7 kwa shaha, farasi wao akamla. Na sasa, mwendo wa 16, Morphy akampeleka malkia wake b8, shaha, mahali ambapo farasi angemla. Hawakuwa na njia nyingine. Farasi akamla malkia, ngome ikashuka hadi d8, ikilindwa na askofu wa g5. Mati. Miendo 17.

Ukipiga hesabu ya kawaida, ambapo malkia ni 9, ngome 5, askofu na farasi 3, askari 1, mwishoni Morphy alibaki na mali ya 15. Walioshindwa walikuwa na 25. Askofu wao wa f8 na ngome yao ya h8 hawakuwa wamesogea hata mara moja tangu mchezo uanze.

Kosa langu

Sasa nikuambie nilivyoufundisha mchezo huo kwa miaka. Nilipitia miendo tisa ya kwanza kwa dakika tatu, kisha nikatumia saa nzima kwenye kutoa farasi, kutoa ngome, kutoa malkia. Watoto walipiga makofi. Nami nilifurahi, maana mwalimu gani hapendi kupigiwa makofi?

Binti yule alipokwenda kwenye mashindano alicheza weupe. Alisogeza e4, mpinzani e5. Farasi f3, naye mpinzani hakucheza kama wale wakubwa wa Paris: alitoa farasi c6. Askofu c4, askofu c5. Mwendo wa nne binti akamla askari wa f7 kwa askofu, shaha. Mfalme akamla askofu. Mwendo wa tano akala e5 kwa farasi, shaha tena. Farasi wa mpinzani akamla. Kisha malkia h5, shaha ya tatu.

Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu: "Mwalimu, nilitoa kama Morphy."

Alikuwa amegundua peke yake njia ambayo Mmarekani mmoja, Jerome, aliichapisha mwaka 1874. Ina jina, lakini haina faida. Mpinzani wake alirudisha farasi g6 kwa utulivu. Binti akafanikiwa kurudisha askofu mmoja, akabaki ametoa mkubwa mmoja zaidi kwa askari wawili, na nyuma yake ngome mbili, farasi na askofu hawajaamka. Baada ya hapo ulikuwa mchezo wa kusubiri kifo.

Katika miaka ya 1880 kule London, Mwingereza Joseph Henry Blackburne aliwekewa mtego huohuo na mchezaji wa ridhaa, naye akauadhibu kwa namna ambayo sasa naifundisha kila muhula. Malkia alipopiga shaha h5, Blackburne alisogeza askari g6 na kumwachia farasi wa e5. Malkia akamla. Blackburne akasogeza d6, akimwachia na ngome ya h8. Malkia akaila. Blackburne akapeleka malkia wake h4.

Mweupe akamficha mfalme pembeni. Blackburne akatoa farasi f6, kisha g4. Askofu wake akala f2 kwa shaha, mfalme akakimbilia h1, na askofu wa pili akatoka f5. Malkia mweupe, bado ana njaa, akavuka ubao mzima kwenda kula ngome nyingine a8. Blackburne akamtoa malkia wake pale h3, shaha. Askari akamla, na askofu akala e4. Mati kwa mwendo wa 14.

Malkia mweupe alikuwa amekula ngome mbili na yuko kona ya mbali, kama mtu aliyekwenda minada miwili akasahau amefunga duka au la. Nyumbani kwake, ngome ya a1, farasi wa b1 na askofu wa c1 walikuwa palepale walipopangwa mwanzo.

Michezo hii miwili inafanana kwa jambo moja. Morphy na Blackburne wote walitoa mali nyingi, lakini walitoa wakiwa wamekwisha kuwaamsha wengine, na walikuwa wamehesabu mpaka mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Binti alitoa bila daftari, na daftari hilo sikuwa nimempa.

Dakika kumi za mama

Hayo yote nilimwonyesha mama yake kwenye ubao, kwa haraka. Nilidhani ataangalia saa. Badala yake aliweka mkoba chini.

Mama huyu, kama wengi wenu mnaosoma ukurasa huu, anajua barabara. Alirejea kutoka Uganda baada ya 1994 na kwa miaka mingi aliishi kwa kwenda Kampala kufuata nguo kupitia Gatuna. Mpaka ulipofungwa Februari 2019, mzigo wake ulibaki ng'ambo na fedha yake ndani ya mzigo. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa Covid-19. Gatuna ilipofunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022, yeye alikuwa ameshageukia Rusumo na mchele wa Kahama.

Alinyoosha kidole kwenye ile ngome ya h8 ya Duke. "Huyu," akasema, "ni mzigo wangu wa Kampala. Ulikuwa wangu kwa hesabu. Kwa kula haukuwa wangu."

Nikakumbuka neno la baba. Katika igisoro, kama katika bao, shimo lenye mbegu moja haliondoki. Unaweza kubaki na mbegu kumi, zote zimekaa moja moja, na umeshindwa, maana huna wa kumsogeza. Mtu mmoja alikuwa akizoea kubisha chini ya ule mti: "Lakini bado ninazo nyingi!" Baba alimjibu: "Usihesabu mbegu, hesabu mwendo."

Nilimwambia mama neno hilo. Akatikisa kichwa taratibu, kisha akamgeukia binti yake: "Kwa hiyo wewe ulitoa mtaji kabla hujafungua duka?"

Binti akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Waliozoea bao la pwani watajua kwamba neno mtaji lipo pia mchezoni, na maana yake ni mwendo wa kula. Asiyekuwa na mtaji husogeza kete zake bila kula.

Walioanza na uji

Mama aliuliza swali moja zaidi, la haki: mchezo huu umemfikisha nani wapi?

Sikumdanganya kwamba ni njia ya utajiri. Nilimtajia Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, mtaa ambao yeye mwenyewe anaujua kwa gereji zake. Msichana huyo alifuata kaka yake kwenye darasa la sataranji la Robert Katende, mahali ambapo watoto walipewa uji. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye mashindano ya dunia ya timu kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na 2012 akaenda tena Istanbul. Mwaka 2016 maisha yake yaliigizwa kwenye filamu. Nilimtajia pia Amon Simutowe wa Zambia, aliyefikia cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, cha bingwa mkuu.

Lakini nilimwambia hao ni wachache, na kwamba mimi mwenyewe sijafika popote zaidi ya darasa hili. Nilichopata ni hiki: nilipoingia Kigali mwaka 1996 bila Kifaransa, katikati ya waliotoka Uganda, Burundi na Kongo, kila kundi na lugha yake, nilikaa kwenye benchi na mtu ambaye hatukuelewana hata sentensi tatu, tukapanga vizibo. Jioni ile nilipata rafiki wa kwanza katika nchi niliyoambiwa ni yangu.

Mama hakusema kitu juu ya hilo. Alichukua mkoba wake na mtoto wake, wakaondoka. Nilidhani nimeshindwa.

Utaratibu mpya

Jumamosi iliyofuata binti alikuja saa tisa badala ya saa saba. Asubuhi yote alikuwa dukani akipima mchele. Ndivyo walivyokubaliana, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

Nami nimebadili ufundishaji. Sasa mwanafunzi haruhusiwi kumtoa mtu yeyote bure kabla hajajibu maswali matatu kwa sauti: Nani wangu bado amelala? Mfalme wangu yuko salama? Nikitoa huyu, mwendo wa mwisho ni upi? Mchezo wa Paris tunausoma kwa wiki mbili, na wiki nzima ya kwanza tunaishia mwendo wa tisa. Hakuna anayepiga makofi. Katika mashindano ya muhula uliopita binti yule alicheza michezo mitano, akashinda miwili, akatoka sare mmoja. Si habari ya ukurasa wa mbele, lakini hata katika ile aliyoshindwa, watu wake wote walikuwa wametoka.

Wiki iliyopita nilipita dukani kununua kilo tano. Ubao ulikuwa umewekwa juu ya gunia, binti akicheza na kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria. Mama yake alikuwa kwenye simu akiulizia lori lililokwama Rusumo, huku akiandika bei kwenye daftari. Alipopita nyuma ya mwanawe aliinama kidogo, akatazama ubao, akafunika simu kwa kiganja.

"Ile ngome ya pembeni," alimnong'oneza, "mbona bado imelala?"